Kifuniko Kisicho Chake

Mama Waya alikuwa fundi wa makochi, na kama hujawahi kukalia kochi lake, pole yako. Mafundi wengine walijaza vitambaa chakavu ndani, wakaweka sponji nzuri juu ili kumpumbaza mteja. Yeye aliwaita wezi, tena mbele ya wateja wao, bila kupunguza sauti. Wakati pekee alionyamaza ni alipokuwa akigongelea kitambaa kwenye fremu, maana hapo misumari midogo ilikuwa mdomoni mwake, ameibana kwa midomo, na karakana nzima ikapata kupumua.

Fremu zilitengenezwa na mumewe, Baba Waya, seremala mpole ambaye akikubishia jambo leo, jibu lako utalipata wiki ijayo. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, fundi umeme, na ndiye huyo Waya. Jina hilo alilipata utotoni kwa wembamba wake, kazi ikaja baadaye kama mzaha. Mashine ya kushonea ilikuwa chini ya Cherehani, binti wa mdogo wake Mama Waya. Huyu naye aliitwa hivyo kwa sababu ya mdomo: ukiukanyaga tu, hausimami. Mama yake alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa mlango wa tatu kutoka karakana. Baba yake, ilisemekana, alikuwa dereva wa lori aliyepita akaenda zake. Habari hiyo ilisimuliwa mara moja tu, na kwa kuwa madereva wa malori wana sifa zao, hakuna aliyedai ushahidi.

Sasa kuna jambo lazima niliseme mapema, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mwanamke mzima alipigwa na butwaa kaburini kwa mwanawe kwa sababu isiyokuwa kifo.

Watu wa mtaa ule wana mambo yao ya muziki. Mtoto akizaliwa, majirani wanamtungia wito, yaani kipande kifupi cha wimbo kisicho na maneno, cha kumwitia. Ukimtaka mtu aliye ng'ambo ya barabara, humwiti kwa jina, unaimba wito wake, naye anageuka. Sauti za mwanzo za wito zinaitwa shina, na mashina mawili hayafanani mtaa mzima. Lakini wito hauishi. Unaimbwa mpaka karibu na mwisho, halafu unaachwa ukining'inia, na wao husema wito umesimama mlangoni. Mtoto akijitia utundu wa kuongeza sauti hata moja pale mlangoni, anakula kofi kutoka kwa yeyote aliye karibu.

Mwisho wa wito unaitwa kifuniko, na kifuniko huimbwa mara moja tu, siku mwenyewe anapozikwa. Anayekitunga ni mama, usiku uleule wa kujifungua. Lazima akianze kwa shina la wito wa baba wa mtoto, tena alipindue: lililokuwa likipanda lishuke, lililokuwa likishuka lipande. Hapo hakuna kudanganya. Mwanamke anaweza kuwadanganya majirani, wakwe, hata karani wa kuandikisha vizazi, lakini kifuniko chenye shina la uongo hakifuniki, na mtoto atabaki wazi milele. Mama akishakitunga, anamnong'onezea mkunga, naye ndiye anayekishika kichwani mpaka siku ya siku. Baada ya hapo mama mwenyewe haruhusiwi kukitoa mdomoni tena. Wanakijua wawili tu, yeye na mkunga.

Mkunga wa wakati ule alikuwa bibi mmoja mfupi, mkali, mpenda ugoro. Kwa kuwa alishika vifuniko vya mtaa mzima, watoto walimwita Bi Sufuria, na alikuwa anajua, na aliwangoja kwa fimbo.

Waya alianguka kutoka kwenye paa la ghala alipokuwa akifunga taa. Saa nne asubuhi alikuwa anamtania mama yake kuhusu kitambaa cha maua alichochagua kwa kochi la mteja, na kabla ya chakula cha mchana watu wawili wasiojulikana walikuwa wamesimama mlangoni pa karakana wakiwa wamevua kofia. Mama Waya alikuwa na misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja, akaipanga juu ya meza, kisha ndipo akawauliza wanataka nini, ingawa alishajua.

Kaburini watu walikuwa wengi. Waliimba wito wa Waya, uliokuwa wa kurukaruka na furaha nyingi mno kwa mahali pale, wakaupeleka mpaka mlangoni, wakanyamaza. Bi Sufuria akasogea mbele, akapenga kamasi, maana mafua yalikuwa yamembana, akafungua mdomo.

Shina likaja. Lilikuwa la Baba Waya, limepinduliwa vizuri, halina doa. Mama Waya akafumba macho akangoja kilichobaki. Kifuniko chake alikijua kama anavyoijua mikono yake: baada ya shina kilishuka taratibu, kikatulia chini kabisa kwenye sauti moja ndefu. Alikitunga mtoto akiwa amelala kifuani pake, na alikibeba kimya miaka yote ya uhai wa mwanawe. Leo angekisikia kwa mara ya kwanza na ya mwisho kikitoka nje. Ndicho kitu pekee alichokuwa amebakiza kukingojea duniani siku ile.

Kikapanda. Kikaruka juu mara tatu, kikakatika ghafla, kama mtu aliyeitwa katikati ya mazungumzo.

"Kimefunika," watu wakaitikia, kama ilivyo ada.

Mama Waya alifumbua macho. Alimtazama Bi Sufuria, Bi Sufuria anapenga tena kamasi. Alimtazama mumewe, mumewe ameinamisha kichwa, machozi yanamtoka, ameridhika kwamba mwanawe ameagwa kwa shina lake. Udongo ukaanza kuanguka. Alitaka kupiga kelele kwamba simamisheni, huyu hajafunikwa, lakini alipopiga hatua kuelekea shimoni watu wakamdaka, wakasema masikini, uchungu wa mwana.

Nyumbani walimkalisha kwenye godoro, mdogo wake pembeni akimshikia kikombe. "Kunywa kidogo, dada. Kidogo tu." Alikunywa bila kujua ni chai au maji ya kuoshea vyombo. Akili yake ilikuwa imenasa mahali pamoja. Bi Sufuria kakosea, sawa, mtu mzima na mafua yake. Angekosea akaimba kifuniko cha mtoto wa muuza mkate, shina lingekuwa la muuza mkate. Angeimba cha mtoto wa kinyozi, shina lingekuwa la kinyozi. Lakini hili lilikuwa la Baba Waya. Yeye alimzalia Baba Waya mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe yuko mchangani. Basi kile kifuniko kingine kilitungwa na nani?

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake waliokuja kumpa pole, na karibu wote walikuwa wamezaa. Akaanza kuwatazama mmoja mmoja. Yule muuguzi, aliyekuja kutengenezewa kabati mara mbili, kabati gani hilo la mara mbili? Yule mjane wa duka la dawa, aliyekuwa akicheka kila Baba Waya aliposema neno, na Baba Waya si mtu wa kuchekesha hata kidogo. Yule mpangaji wa uani. Kila aliyeinama kumkumbatia alimkagua shingo na macho kama anayenunua ng'ombe. Aibu ilimpata, lakini hakuweza kuacha. Mwanawe ndiyo kwanza amezikwa, na yeye anahesabu wanawake! Hakujua amlilie nani kwanza.

Alivumilia siku mbili, mpaka wageni walipopungua, kisha akajifunga kanga akaenda kwa mkunga.

Bi Sufuria alikuwa amekaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Mbona umetoka? Mfiwa hatoki."

"Bibi, ulimfunika nani juzi?"

"Alaa! Nimemfunika mwanao. Kwani kulikuwa na maiti mwingine?"

"Baada ya shina ulipanda."

"Nilipanda, ndiyo."

"Changu kinashuka."

Bi Sufuria alitaka kumkemea. Akainua hata kidole. Halafu midomo yake ikaanza kucheza bila sauti, akikipitia kichwani, na Mama Waya aliona rangi ikimtoka usoni. Kidole kikarudi chini.

"Kinashuka," akasema polepole. "Kinashuka, halafu kinakaa. Ee Mungu wangu." Akatoa mguu mmoja kwenye beseni, akaurudisha, akautoa tena. "Tangu nianze kazi hii sijawahi. Haki ya Mungu sijawahi. Ni haya mafua. Nimefika kwenye shina, mbele nikaona njia mbili, nikashika isiyo yake."

"Njia mbili?" Sauti ya Mama Waya ilikuwa ndogo, isiyo yake. "Bibi, kwenye shina la mume wangu kuna njia ngapi?"

Hapo Bi Sufuria akatambua alichokisema. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili kama mtoto, lakini neno lilikwisha kutoka.

"Mimi sijasema kitu."

"Umesema. Ni nani?"

"Nimekula yamini, mwanangu. Siwezi."

"Yuko hai huyo mtoto?"

"Yuko hai. Na ndiyo balaa lenyewe. Kifuniko chake kimekwenda na mwanao, hakiwezi kufunika wawili. Kuanzia juzi anatembea hana mwisho." Bibi akatoa na mguu wa pili. "Nimemwita mama yake... yaani, nitamwita. Kesho. Ajaribu kutunga kingine. Cha Waya bado ninacho, hakijaguswa. Tutaona la kufanya. Wewe nenda nyumbani. Na kesho usije hapa, nakuomba."

Kumwambia Mama Waya asije mahali ni sawa na kumpelekea mwaliko. Asubuhi aliwahi kwa fundi viatu aliyefanya kazi mkabala na nyumba ya mkunga, akavua kiatu kisicho na kasoro yoyote.

"Kishone," akasema.

Fundi viatu alikigeuza, akakigeuza tena. "Wapi, mama?"

"Popote utakapoona panafaa."

Fundi alimtazama, akakumbuka kwamba huyu ni mfiwa, akaanza kushona mahali palipokuwa pameshonwa tayari. Mama Waya alikaa kwenye kigoda, mguu mmoja uko peku, macho kwenye mlango wa mkunga. Aliinuka nusu kila sketi ilipotokeza kwenye kona. Mjane wa duka la dawa akaja, akapita. Muuguzi akaja, akapita, akamsalimia kwa huruma, naye akaitikia kwa meno. Kisha akamwona mdogo wake anakuja, kichwa chini, vitana bado vimechomekwa kwenye nywele, akakunja kona akaingia kwa mkunga bila kubisha hodi.

Jambo la kwanza alilohisi ni faraja. Masikini, alisema moyoni, ameamka hakunikuta, anazunguka mtaa mzima kunitafuta. Akainuka na kiatu kimoja, akavuka barabara kwenda kumwambia nipo hapa, usihangaike.

Ukumbi wa mkunga ulikuwa na giza na harufu ya ugoro. Kulikuwa na pazia. Mama Waya alishainua mkono kulisogeza, akasikia upande wa pili wa pazia mtu anaimba kwa sauti ya chini. Lilikuwa shina la Baba Waya, limepinduliwa. Aliyeimba alilimaliza shina, akakwama, akalirudia kutoka mwanzo, akakwama palepale. Sauti ile aliijua kabla hajajua kusoma. Aliibembeleza yeye mwenyewe mgongoni, mama yao alipokuwa kazini.

"Hakiji, bibi," mdogo wake akasema, analia. "Sipati kitu."

"Jaribu tena."

Shina likaanza upya.

Hakukumbuka kulisogeza pazia. Alijikuta tu yuko katikati ya chumba, na mdogo wake amekatika katikati ya shina la mumewe, mdomo umeachama, macho yamemtoka. Walitazamana. Bi Sufuria alijifunika uso kwa upande wa kanga, kana kwamba kutoonekana bado kulikuwa kunawezekana.

"Cherehani," Mama Waya akasema hatimaye. Halikuwa swali.

Mdogo wake akateremka kwenye kiti mpaka magoti yakagusa sakafu. "Dada."

"Lini?"

"Ulipolazwa. Ulipovunjika mguu. Nilikuwa nakuja kumpikia Waya. Dada, nilikuwa mjinga, nilikuwa mtoto..."

"Mtoto hazai. Naye anajua?"

Mdogo wake akainamia sakafu.

"Nimekuuliza, mume wangu anajua?"

"Anajua. Tangu siku ya kwanza."

Mama Waya alitafuta pa kukaa akapakosa, ingawa viti vilikuwa vitatu. Binti huyo amekaa kwenye mashine yake tangu miguu haijafika chini. Amemwita mama mkubwa kila siku ya Mungu. Na seremala mpole wa kutobishana alikuwa akimchongea binti vitu vya kuchezea, na yeye, mjuzi wa kuwashika wezi wa sponji, akawa anasema mbele za watu: mnamwona mume wangu? Anampenda mtoto wa shemeji yake kama wake!

"Basi na abaki wazi," akasema. Maneno yalimtoka kama mate.

"Dada, nitukane mimi. Nipige. Yeye hajui lolote."

"Abaki wazi! Mwanangu nani kamwuliza? Mwanangu kaondoka na kitu cha wizi!"

"Hakuna aliyeiba," Bi Sufuria akasema ndani ya kanga. "Kosa ni langu. Sikiliza, mwanangu. Kilichoimbwa kimeimbwa, hakirudi. Nikitaka naweza kwenda kaburini nikaimba na chake, watu wasikie. Watauliza, na majibu unayajua. Lakini haki yako unayo. Ukisema twende, naenda sasa hivi na mafua yangu."

Mama Waya akasema twende. Yaani alifungua mdomo ili aseme twende. Lakini alikuwa amekumbuka shati. Siku ya maiti kuletwa nyumbani, shati jeupe la Waya lilitakiwa kunyooshwa, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuligusa. Baba Waya alishindwa, yeye mwenyewe alishindwa. Cherehani ndiye aliyelichukua, akalinyoosha kwa muda mrefu, kola, mikono, vifungo, na tangu aanze mpaka amalize hakusema hata neno moja. Binti ambaye hata usingizini anaongea. Na mpaka leo alikuwa hajasema la maana.

"Cha Waya mpe yeye," Mama Waya akasema.

Akashtuka. Alimtazama Bi Sufuria kana kwamba ndiye aliyesema.

Kanga ilishuka usoni pa mkunga. "Unalielewa hilo? Nikimpa ni chake. Kitaimbwa siku atakapokufa yeye. Wewe hutakuwepo, inshallah. Hutakisikia kamwe."

"Naelewa."

"Na Waya?"

"Waya kafunikwa. Cha dada yake kimemtosha."

Dada yake. Alilisikia neno hilo likitoka mdomoni mwake mwenyewe. Mdogo wake alikuwa anambusu unyayo ule usio na kiatu, na yeye akauvuta.

"Wewe usinishike. Mimi na wewe hatujamaliza. Wala hatujaanza. Na huyo seremala nitamfikia, mwache kwanza alie msiba wake."

Akatoka. Jua lilimpiga usoni, akasimama kizingitini, hajui aende wapi. Ng'ambo ya barabara, mbele ya fundi viatu, Cherehani alikuwa amesimama na kile kiatu mkononi, anamgombeza fundi kwa nini kimeshonwa mara mbili. Sauti yake ilikuwa imerudi, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alipomwona Mama Waya akakipunga juu, akaja mbio huku anageuka nyuma kummalizia fundi maneno, na hakutazama kushoto wala kulia.

Pikipiki ilikuwa inakuja.

Mama Waya alipiga ukelele ambao mtaa ule haujawahi kuusikia, hata siku ya mazishi. Watu walitoka madukani. Kinyozi alimkata mteja. Mwendesha pikipiki, aliyekuwa bado mbali, tena anakuja taratibu, alishika breki kwa hofu na kusimama. Cherehani aliganda katikati ya barabara, kiatu hewani.

Mama Waya alimfikia na mguu mmoja peku, akamkamata kifundo cha mkono, akamvuta mpaka ukutani. Alikuwa anahema.

"Huna macho? Nakuuliza, huna macho? Usivuke tena barabara unaongea! Unanisikia? Usipande ngazi, usipande paa, usi..."

"Mama mkubwa, mbona ilikuwa mbali?"

"Hata ikiwa mbali!"

Binti akasema anaumia mkono. Mama Waya hakuuachia.